Mvua thelathini zinamtisha jambazi mwenye bunduki, au tunajifariji tu?

Mwanamtoni (mleta uzi)

Wakuu salaam. Hili jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, naomba tulijadili bila matusi.

Mdogo wangu ana kibanda cha uwakala wa pesa huku pembezoni mwa Dar. Miaka sita iliyopita, saa mbili usiku, akiwa anahesabu hela za kufungia, ikasimama bodaboda imepakia mshikaki. Mmoja akashuka, akanunua vocha ya elfu moja. Akapewa. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akafunga na kifungo, kisha akafungua zipu ya jaketi akatoa mguu wa kuku, yaani bastola. Mdogo wangu sura ya yule mtu haikumbuki vizuri, ila hicho kifungo cha shati hajakisahau mpaka leo. Walibeba milioni mbili na ushee, wakapiga risasi moja juu, wakasepa. Bati lina tundu mpaka kesho.

Alikamatwa mmoja tu, kwa kuwa simu aliyoiba aliiwasha. Bastola haikuonekana, wenzake wawili hawakuonekana. Kesi ikaahirishwa na kuahirishwa, upelelezi haujakamilika, upelelezi haujakamilika, hadi siku moja akapigwa mvua 30, yaani miaka 30 jela. Tulishangilia, sikatai. Bi mkubwa alipika pilau.

Sasa wiki iliyopita kibanda cha tatu kutoka kwa mdogo wangu kimevamiwa. Bodaboda, watu watatu, mguu wa kuku.

Swali langu: hizi mvua 30 jambazi anazijua? Zinamzuia? Au tuongeze, iwe maisha, iwe kitanzi?

Kibano

Kitanzi. Uzi ufungwe.

Kijiti

Mkuu Kibano kila uzi wewe ni kitanzi. Juzi ule uzi wa wauza maziwa wanaochanganya maji ulisema hivihivi.

Kibano

Cheka tu, siku ukiwekewa chuma kisogoni utanitafuta. Wazee wetu walikuwa na akili. Mwaka 1963 ilitungwa sheria ya kima cha chini cha adhabu, mtu anakula viboko 24: 12 akiingia gerezani na 12 akitoka, akamwonyeshe mkewe. Watu waliheshimu mali ya mtu. Leo jambazi analishwa ugali wa kodi yangu.

Wakili wa Pembeni

Kibano, hiyo ya 1963 ilifutwa 1972 ikaja nyingine, na viboko vya kuingilia na kutokea havikumaliza wizi, ndiyo maana sheria imekuwa ikikazwa kila baada ya muda. Ngoja niweke sheria ilivyo, kisha mbishane mkiwa na msingi.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 287A: unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo kisichopungua miaka 30. Zingatia hilo neno "kisichopungua". Hakimu hata akimwonea mtu huruma hana pa kupunguzia. Kifungu hicho kiliingizwa kwa marekebisho ya 2004, lakini hiyo 30 yenyewe ilikuwepo kabla ya hapo. Kosa halina dhamana, Mahakama ya Rufani iliubariki utaratibu huo Agosti 2020. Na msamaha wa Rais ukitangazwa, kwa kawaida hawa huwa hawamo.

Kwa hiyo anayedai sheria yetu ni laini hajaisoma. Sasa jiulizeni: Aprili 2006, pale Ubungo mataa, majambazi walivamia gari lenye fedha za benki, wakaua watu. Mvua 30 zilikuwa kwenye vitabu kitambo. Waliokuwa na bunduki siku ile hawakuwa wakisubiri Bunge liongeze makali.

Kuna jambo jingine watu hawalioni. "Silaha" kwenye kifungu hicho si bunduki peke yake. Ni panga, kisu, nondo, chochote cha hatari. Kijana aliyempora mtu simu kwa kumtishia kisu, na mwenye bunduki ya SMG aliyevamia benki, wote 30. Mimi ningekuwa mhalifu anayejua hesabu (wengi hawajui, nashukuru), ningejiuliza kwa nini nihangaike na panga.

Mwanamtoni

Hilo la panga na SMG kuwa bei moja sikuwahi kuliwaza.

Kijiti

Jumla na rejareja bei moja. Hata Kariakoo hakuna.

Afande Mstaafu

Vijana, mimi nimevaa sare ya magereza miaka 31, vituo vinne, kikiwemo kimoja kikubwa ambacho kila mtu anakijua. Nimewapokea wa kosa hilo kwenye karandinga sijui mara ngapi. Naomba niseme nilichokiona.

Mfungwa mpya wa 30 akiingia, wenzake hawamuulizi kwa nini hakuiogopa sheria. Wanamuuliza, "Nani kakuuza?" Hilo ndilo swali la kwanza, na usiku wa kwanza mzima ni hilo. Kila mmoja ana hadithi ya aliyemuuza: shemeji, demu, mwenye bodaboda, mwenye chuma. Maana yake kila mmoja alitoka nyumbani akijua hatakamatwa, na akikamatwa ni kwa sababu mtu kasaliti. Sikumbuki hata mmoja aliyeniambia alikaa akapima 30 dhidi ya 15. Na nimewauliza, maana zamu za usiku ni ndefu na stori ndiyo chai yenyewe.

Wengi walikuwa na miaka 22, 24, 25. Mtu wa umri huo ukimwambia utatoka ukiwa na 44 baada ya kuondoa theluthi ya nidhamu, ni kama unamsimulia habari za nchi nyingine. Anakuja kulielewa mwaka wa tano au wa sita, mama yake anapoacha kuja kumwona. Hapo ndipo utamkuta amekaa ukutani, hasemi. Wakati huo aliyepaswa kuogopa yuko mtaani na miaka 22 yake, naye hajui lolote.

Lakini nisiwadanganye, kuna upande wa pili. Wapo niliowalinda ambao wangekuwa nje, watu wangekufa. Kuna mmoja hata wenzake walikuwa hawalali karibu naye. Yule alipokuwa ndani, hakuvamia mtu. Kumzuia mtu kwa kumfungia ni kitu kimoja, kumzuia jirani yake kwa kumwonyesha aliyefungwa ni kitu kingine. Mnavichanganya.

Kibano

Afande heshima kwako shikamoo. Lakini umejijibu mwenyewe. Afungiwe, asiwepo mtaani. Basi.

Afande Mstaafu

Marahaba mwanangu. Afungiwe sawa. Lakini nimeona na watu wa miaka 50, magoti yamekwisha, macho yanaona nusu, bado wana miaka minane mbele. Yule tunamzuia asivamie nini?

Mama Wawili

Nimekuwa nasoma humu miaka mingi bila kuandika. Leo naandika.

Mume wangu alipigwa risasi getini akifungua geti gari liingie. Alitoka dukani. Wanawe walikuwa na miaka 9 na 6 wakati ule. Nasoma mnabishana inazuia haizuii, mimi kusema kweli hilo silijali sana. Ninachotaka ni yule aliyeshika bunduki asiwe barabarani mwanangu anapotoka tuisheni.

Lakini yuko barabarani. Walikamatwa wawili, mimi ndiye shahidi. Niliwaona, nilikuwa dirishani. Mahakamani nikaulizwa taa ya uani ilikuwa ya wati ngapi. Nikasema sijui, taa ya kawaida. Nikaulizwa kutoka dirishani hadi getini ni hatua ngapi. Nikaulizwa niliwaangalia kwa dakika ngapi. Dakika! Nikasema nilipiga kelele, sikuangalia saa. Taa ile niliiwasha mimi kila jioni miaka minne, na sikuwahi kusoma imeandikwa nini. Wakaachiwa.

Kwa hiyo iwe 30, iwe 100, iwe kitanzi, mimi kwangu ilikuwa sifuri.

Wakili wa Pembeni

Dada yangu, pole sana, na samahani kwa niaba ya watu wa fani yangu, ingawa aliyekuuliza alikuwa akifanya kazi yake. Maswali yale hayakutoka hewani. Kuna kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho, hasa usiku, ni ushahidi dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Mwanga kiasi gani, umbali gani, muda gani, ulikuwa unamfahamu kabla au la. Tangu hapo kila rufaa ya unyang'anyi wa usiku inapita mlango huo, na nyingi zinafia hapo.

Kanuni ile ni nzuri, imewaokoa watu wasio na hatia. Shida ni kwamba aliyechukua maelezo yako usiku ule kituoni alipaswa kukuuliza habari za taa palepale, akaenda akaipima na kupiga picha. Wengi hawafanyi. Ganda la risasi linaokotwa kwa mikono. Gwaride la utambulisho linaandaliwa baada ya picha ya mtuhumiwa kuzagaa kwenye magrupu. Halafu Bunge linaombwa liongeze miaka. Miaka inaongezwa kwenye mwisho wa mstari ambao watu wengi hawaufikii.

Na niseme lisilopendeza: adhabu ikiwa kubwa mno hakimu naye anakuwa mgumu zaidi kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa kuungaunga. Kwa mvua 5 angejiridhisha haraka. Kwa 30 isiyopungua, anatafuta tundu.

Lindo la Usiku

Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi. Nina shotgun na risasi tatu, moja ni ya zamani mpaka maandishi yamefutika. Nawaambia jambazi anaangalia nini maana mimi ndiye ninayeangaliwa.

Anaangalia kama mko wawili au mmoja. Anaangalia kama mlinzi anasinzia saa tisa. Anaangalia mbwa. Anaangalia kama jirani ana tabia ya kutoka akisikia kelele au ya kuzima taa. Anaangalia kituo cha polisi kiko wapi na kama gari lao lina mafuta, na niamini, anajua lina mafuta au halina kuliko OCS, mkuu wa kituo, anavyojua. Siku mbili kabla ya tukio kuna mtu atakuja kuomba kiberiti. Ukimuona huyo mtu na ukamwandika namba ya pikipiki mbele ya macho yake, hawaji. Nimefanya hivyo mara mbili, hawakuja. Hakuna aliyewahi kuniuliza kosa hilo ni miaka mingapi.

Na bunduki nyingi hazinunuliwi, zinakodishwa. Mwenye nayo haendi kwenye tukio, anakaa nyumbani anangoja mgawo. Anayefungwa 30 ni mpangaji. Mwenye nyumba yupo.

Kijiti

Mlinzi ana hoja kuliko mnaolipwa posho.

Msee wa Eastlands

Wabongo habari zenu. Nawasoma kutoka Nairobi, naona mnaulizia kitanzi kama kinafanya kazi. Sisi tulishakijaribu, wacha niwapee hadithi.

Huku robari na vayolensi, yaani unyang'anyi wa kutumia nguvu, ni kifo tangu 1971. Kifungu cha 296(2). Ukiwa na silaha, ama mko zaidi ya mmoja, ama umemjeruhi mtu, ni kamba, jaji hana chaguo. Na si ya kutishia, watu walinyongwa gereza la Kamiti kabisa miaka hiyo. Sasa uliza mtu yeyote aliyekuwa Nairobi miaka ya tisini kuhusu kina Wanugu, Wacucu na Rasta. Hawa walikuwa wanaiba magari na kuua na bunde mchana, karibu robo karne baada ya sheria ya kifo. Mwishowe waliuawa na polisi, hawakufika hata kwa hakimu.

Watu wa mwisho kunyongwa Kenya ni 1987, na hao walikuwa wa jaribio la mapinduzi la 1982, si wezi. Baada ya hapo waliohukumiwa wakarundikana. Kibaki 2009 akageuza vifo zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Uhuru 2016 akageuza vingine 2,747. Hesabu mwenyewe. Kama kamba ingekuwa inawatisha, hao elfu na elfu wangetoka wapi?

Na kuna kitu mbaya zaidi. Kama kuiba na bastola ni kifo na kuua ni kifo, mwizi akishakuibia ana sababu gani ya kukuacha hai umtambue? Mzee wangu aliporwa gari Jogoo Road ninety-kitu, walimweka kwa buti masaa manne wakibishana kama wammalize. Alikuwa anawasikia. Mmoja ndiye aliwaambia "huyu mzee ni rika ya babangu." Hicho ndicho kilimwokoa.

Kibano

Hapo kwa buti nimekuelewa. Lakini basi afadhali polisi wawamalizie hukohuko. Haraka, bei nafuu.

Wakili wa Pembeni

Kibano, unakumbuka Januari 2006? Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi. Polisi walitangaza wameua majambazi waliorushiana nao risasi. Kumbe walipelekwa msitu wa Pande wakauawa, hawakuwa majambazi. Mmoja wa maofisa wa polisi alihukumiwa kunyongwa na Mahakama ya Rufani 2016, miaka kumi baadaye. Yule dereva teksi alikuwa kazini tu, kapata abiria.

Mwana Kahama

Nyie wa mjini mmeanza mbali. Mimi nimekulia Usukumani. Baada ya vita vya Kagera bunduki zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukawa wa risasi. Polisi wako kilomita 60, sheria ipo. Kilichokuja mapema miaka ya 80 ni sungusungu. Yowe ikipigwa kijiji hiki inapokelewa na kijiji kile, vijana na upinde wanakata njia, mwizi hana pa kutokea. Wizi ulipungua, hilo wazee wote watakwambia. Hakuna aliyeongeza mwaka hata mmoja wa kifungo. Kilichoongezeka ni uhakika wa kudakwa kabla hujafika mtoni.

Msinielewe vibaya. Sungusungu hao hao walipiga watu, walitesa, na vikongwe wenye macho mekundu, waliodhaniwa wachawi, wanajua walichofanyiwa. Sikitaki kirudi kama kilivyokuwa.

Mfano mwingine. Miaka ya 90 kuelekea 2000, basi la kwenda Kigoma au Ngara lilikuwa halipiti pori la Biharamulo mpaka eskoti. Mnalala Nyakanazi mkingoja askari. Asubuhi wanapanda wawili na SMG, mmoja mbele kwa dereva, mwingine nyuma kabisa, na konda anawakatia chai na maandazi. Nilipanda basi hilo nikiwa mwanafunzi. Lisilo na eskoti lilitekwa, lenye eskoti mara nyingi lilipita. Watekaji walewale, sheria ileile.

Mbeba Boksi

Niko Massachusetts huku nabeba boksi, nichangie kidogo. Jimbo hili mwaka 1975 lilianza kutumia sheria kwamba ukikutwa unatembea na bunduki bila kibali ni mwaka mmoja lazima. Miaka ya mwisho ya 80 vijana wa Boston bado wakawa wanachinjana kwa risasi. Kilichobadilisha mambo ni 1996, wakachukua polisi, wachungaji na watu wa ustawi wa jamii, wakawaita vijana wa magenge wenyewe kwenye kikao wakawaambia: tunawajua kwa majina, kundi litakaloua la kwanza tutaliangukia lote, na anayetaka kazi au shule aseme sasa hivi. Waliotathmini walikuta vifo vya vijana vimeshuka kwa asilimia 63. Baadaye mpango ukalegezwa, vifo vikapanda tena.

Kazini nina rafiki Mjamaika. Kwao 1974 walianzisha mahakama maalumu ya bunduki pale Kingston, kuta nyekundu, kifungo kisicho na mwisho. Mwaka huo waliuawa watu wasiofika 200. Mwaka 1980 walikaribia 900.

Kibano

1980 Jamaika kulikuwa na uchaguzi wa damu, vyama viligawa bunduki. Usilaumu mahakama.

Mbeba Boksi

Kweli kabisa, na ndiyo hoja yangu. Bunduki zikigawiwa, kuta nyekundu zinafanya nini?

Kibano

Sawa. Nakubali mawili tu, mengine nakataa. Moja, panga na bunduki zisiwe bei moja. Mwenye bunduki 30 ibaki, mwenye kisu ashushwe, ili hata mwizi awe na sababu ya kuacha chuma nyumbani. Mbili, mwenye kukodisha bunduki apigwe zaidi kuliko aliyeikodi. Kuhusu kuwahurumia, hapana. Sihurumii.

Mama Wawili

Hujaombwa uhurumie, baba. Umeombwa uulize wako wapi.

Kijiti

Mimi naona simu zimesaidia kuliko wabunge. Zamani mfanyabiashara alikuwa anatoka Kariakoo na hela kwenye mfuko wa rambo. Sasa hela iko kwenye simu, jambazi kahamia meseji za utapeli za "tuma kwa namba hii".

Lindo la Usiku

Ndiyo maana sasa anayevamiwa ni wakala. Hela ya mtaa mzima imehamia kwenye kibanda kimoja cha mbao.

Mwanamtoni

Nimesoma yote. Mdogo wangu siku hizi anafunga saa kumi na mbili na nusu, na hela anapeleka mara mbili kwa siku. Nimempa na daftari la kuandika namba za pikipiki, ushauri wa Lindo la Usiku.

Lakini kuna jambo. Jirani aliyevamiwa wiki iliyopita ameniambia kwa siri kwamba mmoja wao anamfahamu kwa sura. Alikuja kununua vocha siku mbili kabla. Akaitia mfuko wa shati akafunga kifungo. Polisi hajawaambia, anaogopa, anasema aliyefungwa yule wa kwanza ndugu zake bado wanapita pale. Wakili, nikikuletea namba yake PM (ujumbe wa faragha) utaongea naye?

Wakili wa Pembeni

Nitaongea naye. Na usiku wa leo, kabla hajalala, mwambie achukue karatasi aandike taa ilikuwa wapi, ya aina gani, na walisimama umbali gani naye. Aandike na tarehe ya ile vocha.